Sista wa Chumba cha Figo na Siku Bahari Ilipopanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Daktari Mkuu wa hospitali yetu. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi mliokaa mbele. Wauguzi, wahudumu wa jikoni, wa usafi na wa kufulia mliokaa nyuma, ingawa bila ninyi hao wa mbele wasingepata hata pa kukaa. Watoto na wajukuu wa Sista. Wagonjwa wenzangu wa figo. Na ninyi mnaochungulia dirishani kwa kuwa viti vimekwisha: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wagonjwa, na nimeombwa nizungumze kwa ufupi. La kwanza nitalitimiza.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa udereva. Wengi humu mnaniita Mama Breki, na baadhi yenu mna leseni kwa sababu ya huruma yangu. Kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, huku mtoto wa watu akinipeleka moja kwa moja kwenye nguzo ya umeme. Kwa kazi hiyo niliamini hakuna jambo litakalonishtua tena duniani. Leo nakiri mbele yenu kwamba nimeshtuka, na mshtuko huo haujanitoka. Kikombe kikigongana na sahani, nasimama. Lori zito likipita na vioo vikalia, natafuta mlango kwa macho. Na najua siko peke yangu, maana alipoburuta kiti mtu fulani pale nyuma wakati wa sala ya ufunguzi, niliona vichwa vingi vikigeuka.

Tumekuja kumuaga Sista anayestaafu. Mimi siwezi kumuaga bila kusimulia siku ile, kwa hiyo nivumilieni.

Chumba cha figo kilikuwa ghorofa ya chini, upande unaotazama bahari. Kati yetu na maji palikuwa na geti, barabara, benchi la saruji na ukuta mfupi wa mawe, basi. Ndani palikuwa na viti vya kuegemea, na kando ya kila kiti mashine yenye kimo cha mtoto wa shule. Mgonjwa wa figo huchomwa sindano mbili mkononi: moja inatoa damu kwenda kwenye mashine kusafishwa, nyingine inairudisha. Kwa hiyo mkiona mtu amelala pale anasoma gazeti, jueni kwamba sehemu ya damu yake iko nje ya mwili wake, inazunguka kwenye mirija. Huwezi kuinuka ukakimbia. Umefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi, tofauti ni kwamba kamba yenyewe ni wewe.

Sista alipoletwa kusimamia chumba hicho, jambo la kwanza alilofanya ni kutufundisha kujifungua wenyewe. Kila mgonjwa alipewa vibanio, vile vya plastiki vya kubana mrija. Unabana huku, unabana kule, unafungua katikati, unafunika ncha, unainuka. Sindano zinabaki mkononi zimefungwa kwa plasta, na unaondoka nazo. Kisha unapita mlango wa nyuma, unazunguka jengo la kufulia, unapanda njia ya mlimani hadi kwenye tangi la maji. Alitufanyisha zoezi hilo mara kwa mara, mvua na jua, wazee kwa vijana, na asiyeweza kutembea alipangiwa watu wa kumbeba kwenye shuka.

Nani alifurahi? Hakuna. Tulinung'unika sote. Yupo mwenzetu mmoja, jina namhifadhia maana yuko hapa na suti, aliuliza kama tumekuja kutibiwa au kujiunga na jeshi. Mume wangu alinikuta jikoni nafanya mazoezi ya kubana mrija wa gesi, akaniuliza nimeolewa na nani, yeye au Sista.

Sista hakuwa mtu wa hasira. Alitujibu kwa sauti ileile aliyotumia kutuuliza kama tumekunywa maji mengi. "Ardhi ikitikisika kwa nguvu hadi mshindwe kusimama," alisema, "au ikitikisika polepole lakini haiachi, msisubiri king'ora. Msisubiri simu. Msinisubiri hata mimi. Kutikisika kwenyewe ndiko king'ora. Bahari ikirudi nyuma, msiende kuitazama. Na mkishapanda, msishuke. Wimbi la kwanza linaweza kuwa dogo kuliko yanayofuata."

Nilimuuliza siku moja haya yote kayatoa wapi. Akaniambia kwamba alipokuwa muuguzi kijana, kwenye mji mwingine, lilipiga tetemeko. Wagonjwa wake wa figo walitoka salama wote, wakashangilia, wakapiga picha. Halafu mashine zikakosekana, hakuna umeme, hakuna maji safi, na ndani ya wiki ile wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, wakiwa na chakula na maji mikononi. "Waliokoka kwenye jengo," alisema, "wakafa kwenye foleni ya msaada." Ndiyo maana alitupa kila mmoja mfuko wa biskuti zisizo na chumvi na dawa zetu, na kadi ya kuvaa shingoni yenye maelezo ya matibabu yetu. Mifuko ile tuliiweka chini ya viti. Wengine tuliitumia kuegeshea miguu.

Kati yetu alikuwepo mzee mmoja, fundi wa saa. Tulimwita Fundi Saa, na mke wake tulimwita Bibi Fundi. Fundi ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote kwenye zoezi. Vidole vyake vilikuwa vimezoea vitu vidogo. Kabla mimi sijapata kibanio cha kwanza, yeye alishasimama mlangoni anatucheka. Bibi Fundi alimsindikiza kila siku ya matibabu. Hakupenda harufu ya dawa, kwa hiyo alikaa nje, kwenye lile benchi la saruji linalotazama bahari, akifuma sweta mpaka mumewe atoke. Saa nzima, saa kadhaa, jua au upepo, Bibi alikuwa benchini. Fundi alimgombeza mbele yetu: "Nimemwambia ardhi ikitikisika asinisubiri, apande kilima cha upande wa shule. Lakini huyu mke, tangu nimuoe, hajawahi kunisikiliza hata siku moja." Na Bibi alikuwa akijibu bila kuinua macho kwenye sindano zake za kufumia: "Ningekusikiliza ungekuwa ushanizika kwa njaa."

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mimi nilikuwa nimeshaunganishwa, nasinzia. Nilisikia kwanza mlio, kama mtu anaburuta kabati zito ghorofa ya juu. Nikafikiri ni mafundi. Halafu kiti changu kikaanza kwenda mbele na nyuma. Ndugu zangu, mimi nimekaa kwenye magari yanayoendeshwa na watu waliochanganya breki na pedali ya mafuta, najua kutikiswa. Hili halikuwa kutikiswa. Sakafu ilikuwa kama mgongo wa mnyama anayejaribu kukutupa. Vipande vya dari vilianguka. Mashine zikagongana. Mtungi wa dawa ukapasuka, chumba chote kikanuka. Na halikuacha. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kwamba lingeendelea, na kuendelea, hadi ukapata muda wa kuogopa, kuacha kuogopa, na kuanza upya.

Lilipotulia, umeme ulikuwa umekatika, na mashine zote zilikuwa zinalia kwa pamoja. Nilitazama mkono wangu. Nilitazama mirija ikiwa imejaa damu yangu mwenyewe, imesimama, haiendi. Akili yangu ilikuwa tupu kabisa. Nikasikia sauti ya Sista, wala hakupaza: "Bandua plasta ya juu tu. Bana. Bana tena. Haya, fungua." Na mikono yangu ikafanya. Sikuiamuru mimi. Mikono ilikuwa imeshafundishwa, ikafanya, na mimi nikaitazama kama naangalia mikono ya mtu mwingine.

Tulipokuwa tunajipanga kutoka, kipaza sauti cha hospitali kikafufuka. Betri yake ilikuwa bado na chaji kidogo. Tukaambiwa: "Wagonjwa na watumishi, tunaomba mtulie. Tetemeko limekwisha. Rudini vyumbani mwenu."

Simlaumu aliyetangaza. Hakuwa na taarifa yoyote, na alitaka watu wasikanyagane. Lakini nataka mjiulize: ninyi mngefanya nini? Upande mmoja sauti ya wakubwa inasema rudi, upande mwingine mwanamke mmoja mwenye viatu vya kazi amesimama kwenye mlango wa nyuma. Wengine walianza kurudi kwenye viti. Nawaelewa. Kiti chako ukikizoea unakiamini.

Sista alisema, "Ni kweli, tetemeko limekwisha. Bahari ndiyo haijaanza. Tokeni."

Tukatoka. Tulipita kwenye jengo la kufulia, shuka zikiwa bado zimeanikwa, na wanawake wa kufulia wakaacha mabeseni wakatufuata. Baadhi yao walimbeba mwenzetu asiye na mguu. Tulipanda tukiwa na sindano mikononi, kadi shingoni, wengine peku. Nilipofika juu kwenye tangi niligeuka, nikaona jambo ambalo hata leo nikilisimulia nywele zinanisimama. Bahari haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na tope linalong'aa, mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, na samaki wanaorukaruka. Na watu, ndugu zangu, watu walikuwa wanashuka kuelekea kule. Walikuwa na ndoo. Walikuwa na simu, wanapiga picha. Tuliwapigia kelele mpaka tukakauka koo. Mmoja alitupungia mkono.

Wimbi la kwanza lilikuja dogo. Lilivuka ukuta, likavuka barabara, likafika kwenye ngazi za hospitali, likarudi. Waliokuwa kule chini walilowa hadi magotini, wakacheka kwa woga. Na juu mlimani watu wengi wakashusha pumzi. Nikasikia mtu anasema, "Kumbe ndiyo hii?" Wakaanza kushuka. Kila mmoja alikuwa na la kushukia: duka, mtoto, gari, mbwa.

Fundi Saa alikuwa amesimama ukingoni anatazama benchi. Benchi lilikuwa tupu. Akatazama umati pale kwenye tangi, uso baada ya uso, akauzunguka wote. Bibi hakuwepo. Akaja kwa Sista.

"Ninashuka," akasema. "Mke wangu yuko chini."

"Fundi, sindano ziko mkononi mwako."

"Najua ziliko."

"Ulimwambia apande upande wa shule. Atakuwa amepanda."

"Sista, wewe humjui. Hawezi kuondoka bila mimi. Yuko pale getini ananiuliza kwa watu."

Sista akamshika mkono usio na sindano, kwa mikono yake miwili. "Fundi, maji yatarudi. Ukishuka, sitaweza kukufuata. Nina hawa."

"Usinifuate," akasema. "Kaa na hawa." Halafu akasema neno ambalo nimelisikia kila siku tangu hapo. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza hitilafu ya saa kwa mteja: "Umetufundisha kupanda, mwanangu. Hujatufundisha kumwacha mtu."

Akaanza kuvibandua vidole vya Sista mkononi mwake. Kimoja kimoja, polepole, bila kumuumiza, kwa ustadi uleule aliotumia kutoa vipande vidogo ndani ya saa. Sista alikuwa anashika upya, na yeye anatoa upya. Kisha akashuka kwa ile njia, kwa haraka ambayo sikujua mzee anayo.

Wimbi la pili halikuonekana kama wimbi. Mnaowaza ukuta wa maji unaojikunja, futeni picha hiyo. Ilikuwa ni bahari yenyewe imeamua kuhama. Ilikuja nyeusi, imebeba magari, milango, mbao, majokofu, na haikusimama mahali ilipotakiwa kusimama. Nililiona gari langu la kufundishia likielea kati ya mitende ya barabarani, na kibao cha mwanafunzi bado kikiwa juu ya paa. Maji yaliingia chumba cha figo kwa dirishani. Tulivisikia vioo vikipasuka, tukiwa juu. Mwenzetu aliyeuliza habari ya jeshi alikuwa amekaa chini ameshika kibanio chake kwa mikono miwili. Baadaye tulipoletwa kutazama, mstari wa tope ulikuwa juu ya fremu ya mlango, na mashine moja ilikuwa imelala barabarani upande wa pili.

Jua lilipoanza kushuka, watu wa upande wa shule wakaja kwa njia ya juu kutafuta ndugu zao. Wa kwanza kumwona nilikuwa mimi. Alikuwa na mfuko wake wa nyuzi begani. Bibi Fundi alikuwa mkavu kabisa, hata kiatu hakikulowa. Alikuwa amepanda mara tu benchi lilipoanza kumtikisa, hakutazama nyuma, kwa sababu mumewe alikuwa amemwapisha. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa amemsikiliza.

Akatukaribia anatabasamu. "Yuko wapi mzee wenu?" akauliza. "Mwambieni leo nimetii."

Nisameheni. Ngoja ninywe maji kidogo. Na wenye figo wenzangu mnajua nimeyapima.

Waheshimiwa, siku zilizofuata ndizo zilizothibitisha kwamba Sista hakuwa na wazimu. Tulilala kwenye madarasa ya shule. Barabara zilikatika, hatukuwa na mashine. Watu wema walifika na maboksi ya machungwa, ndizi na chupa za maji. Na sisi tukakataa. Fikirieni sura zao. Kijana mmoja wa msaada alinipigia magoti: "Mama, kunywa, utakufa." Nikamwambia, "Mwanangu, nikinywa ndiyo nitakufa." Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Figo zisizofanya kazi haziwezi kuyatoa maji hayo, na kilichomo kwenye chungwa na ndizi, ambacho kwenu ni afya, kwetu kinasimamisha moyo. Sista alitupimia maji kwa kifuniko cha chupa. Tuliramba midomo. Tulitafuna zile biskuti zisizo na chumvi, zile za kuegeshea miguu, na niwaambie ukweli, hazina ladha yoyote, na ndizo zilizotuweka hai. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi. Basi lilipopatikana la kutupeleka hospitali ya mbali na pwani, madaktari wa kule hawakutuuliza maswali. Walisoma kadi za shingoni, wakatuunganisha. Isipokuwa Fundi, hatukupungua hata mmoja.

Lakini Sista hakuhesabu waliopona. Aliwahudumia wagonjwa wote, akatabasamu kwa wote, lakini mwenyewe akawa hali chakula. Nilimkuta kwenye korido ya hospitali ile, amekaa sakafuni, anaitazama mikono yake. Nilipomsemesha alisema, "Nilikuwa nimemshika, Mama Breki. Nilikuwa nimemshika kabisa."

Fundi alipopatikana na kuzikwa, Bibi alikuja pale hospitali akamwulizia Sista. Mimi nilikuwepo, na Bibi amenipa ruhusa ya kusema haya. Yuko pale safu ya tatu. Sista alipomwona alisimama akaanza kusema, "Bibi, nisamehe." Bibi akamkatiza. Alisema, "Sikuja kwa msamaha. Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa mwisho kumshika. Nataka kuiona hiyo mikono." Akaichukua mikono ya Sista akaishika, akakaa nayo. Wakakaa hivyo mpaka chai iliyoletwa ikapoa, na hakuna aliyeigusa.

Kisha Bibi akasema, "Alikosea kitu kimoja. Alinifundisha mimi kupanda, lakini yeye hakujifunza kuniamini." Na akaongeza, "Wafundishe hilo."

Sista amelifundisha. Tangu siku ile, hakuna mgonjwa anayefanya zoezi peke yake. Unakuja na mtu wako, mke, mume, mtoto, jirani, yeyote ambaye ungemshukia. Mnasimama mkitazamana, na kila mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti: nitapanda upande fulani, usiponiona, usishuke, jua kwamba nimepanda. Mara ya kwanza mume wangu alisema maneno hayo huku anacheka. Alipofika kwenye "usishuke" aliacha kucheka, akalirudia polepole. Sijamsikia tena akiniuliza nimeolewa na nani.

Na anayesimamia zoezi hilo la wawili wawili, akiwarudisha wanaonung'unika na kuwasahihisha wanaokosea, ni Bibi Fundi. Wauguzi vijana wanamwogopa kuliko Bodi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa sasa nazungumza nawe, na Daktari Mkuu, na Bodi. Tunashukuru mno kwa jengo jipya linaloanza kujengwa. Tumeiona ramani yake pale mapokezi, imewekwa kwenye kioo, inapendeza. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena, kwa sababu sikuamini nilichokisoma. Chumba cha figo kiko ghorofa ya chini. Upande wa bahari. Pameandikwa kwamba kutakuwa na madirisha makubwa ili wagonjwa wafurahie mandhari.

Waheshimiwa, sisi mandhari hayo tumeshayaona. Yalitufuata hadi kwenye viti vyetu.

Niliuliza kwa adabu, nikajibiwa kwa adabu, kwamba mashine za figo zinatumia maji mengi, na ni kazi kubwa kuyapandisha maji hadi ghorofa za juu. Mimi si mhandisi, na wahandisi nawaheshimu. Nasema tu kwamba maji yakitaka kupanda, sisi tumeyaona yakipanda bila pampu. Afadhali tuhangaike sisi kuyapandisha kila siku, kuliko yapande yenyewe siku moja. Mnatujengea chumba cha watu waliofungwa kwenye mashine. Hao ndio wa mwisho kuweza kukimbia, je, wawe wa kwanza kufikiwa? Ni nani kati yenu angemlaza mama yake pale?

Sikuja kuharibu sherehe. Sista hajui kwamba ningesema haya. Mnaiona sura yake, ananikanyagia breki kwa macho. Lakini kila mtu humu ameleta zawadi. Wauguzi wameleta kitenge, Bodi imeleta saa ya ukutani na cheti. Sisi wagonjwa tulikaa tukajiuliza, mtu aliyekupa mlima utampa nini? Tukakubaliana tumwombee kitu kimoja kwenu. Ramani iko mapokezi, kalamu ninayo kwenye mkoba. Mheshimiwa, hafla ikiisha, kabla hujaingia kwenye gari lako, twende sote hadi pale kwenye kioo, wewe, Daktari Mkuu, Sista na Bibi Fundi, na mkihamishe chumba chetu ghorofa ya tatu mbele ya macho yake. Hatutaki ahadi ya kamati. Tunataka aondoke kazini akiwa amekiona kilipo.

Sista, mwanangu na mama yangu kwa wakati mmoja: ulitutoa ndani huku kipaza sauti kikituambia turudi. Pumzika sasa. Lala bila viatu miguuni. Na mikono hiyo, usiitazame tena kwa uchungu. Mimi hapa ni kazi ya mikono hiyo, na hawa wote waliosimama sasa hivi bila kuambiwa ni kazi yake.

Waheshimiwa, wageni na majirani, nawashukuru kwa kunivumilia hadi mwisho. Nimemaliza kusema, mimi natangulia pale mapokezi.